Tundu Nililoliziba

Hisae,

Neno "mpendwa" nimeliandika hapo juu mara mbili na mara mbili nimelifuta. Nisamehe, au usinisamehe, shauri yako. Hukuwa mtu wa kusamehe ulipokuwa hai, na sasa umekufa sioni utaanzaje. Nilipokuja kwako mara ya kwanza nilikuita Mama Hisae, kama tunavyomwita kwetu mwanamke yeyote aliyetuzidi umri, ukaninyooshea kidole chenye udongo ukasema, "Mimi si mama wa mtu." Basi. Nitakuita Hisae, kavu hivyohivyo, na watu wa nyumbani watakaoisoma barua hii wajue kwamba adabu ninayo, ila wewe uliikataa.

Naandika kwa sababu nimeombwa. Binti mmoja wa jumba la sanaa la hapa mjini alinipigia simu, sauti laini, akaniambia wanakusanya kumbukumbu za watu waliofanya kazi nawe Birmingham, wazitie kwenye kitabu cha maonyesho yako. Jina langu alilikuta kwenye daftari lako. Alitaka kitu kifupi cha kupendeza, chenye joto kidogo. Nikamwambia joto lipo, tena la tanuri. Alicheka bila kuelewa. Mwanzoni nilikataa. Halafu nikaenda kuyaona hayo maonyesho, nikarudi nyumbani nikatafuta kalamu. Kuna uongo umeandikwa ukutani kwa herufi kubwa, Hisae, na mtu pekee aliye hai anayeweza kuapa kwamba ni uongo ni mimi. Ndiyo maana barua hii ni ya wazi. Nikikuandikia wewe peke yako utainyamazia, kama ulivyozoea.

Nianzie Ladywood, mtaani kwetu. Ulikuja Birmingham kwa mwaka mmoja, mgeni wa chuo, ukaishia kukaa saba. Siku ile walikuleta kwenye ukumbi ulio chini ya maghorofa yetu uwaonyeshe wakazi ufinyanzi. Hatukufika ishirini, wengi wetu wazee waliofuata chai na biskuti. Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya kulelea wazee ninakofanya kazi mpaka leo. Tukagawiwa kila mtu bonge la udongo. Wenzangu wakatengeneza visahani vya sabuni. Mikono yangu ilikumbuka yenyewe. Kwetu Usangi, milimani Upareni, mama yangu alikuwa mfinyanzi na mama yake vilevile, na hatutumii gurudumu. Chungu kinakaa chini kimetulia, wewe ndiye unayekizunguka, umeinama, unarudi kinyumenyume huku unakipandisha kwa vidole. Nilikizunguka changu katikati ya ukumbi nimevaa sare na beji ya kazini, makalio juu mbele za watu, na wala sikujali. Nilikuwa sijashika udongo tangu tumzike mama.

Ulipofika kwangu hukusifu. Ulinishika mkono wa kulia, ukalifuta dole gumba langu kwa aproni yako, ukalitazama kovu linalolikata kutoka upande huu hadi huu.

"Nini?" ukauliza.

"Mundu. Nilikuwa na miaka tisa, nakata majani ya ng'ombe."

Ukaguna kama daktari. "Jumanne," ukasema. "Tyseley. Uje."

Nikaja. Mjinga mimi, nikaja kila Jumanne na Alhamisi kwa mwaka mmoja na nusu.

Karakana yako ya Tyseley ilikuwa nyuma ya watu wanaochonga vyuma, harufu ya mafuta ya mashine huku, harufu ya takataka za mji mzima zikichomwa kule, na mabehewa ya bohari ya treni yakigongana mchana kutwa. Nilifikiri msanii anayesifiwa mpaka Ulaya angekaa mahali pazuri zaidi. Kazi yangu ilikuwa kukanda. Unaniachia udongo, naukanda mpaka viwiko vinalia, unakuja, unaukata kwa waya, unaunusa, unasema "Bado." Neno lako lilikuwa hilo. Na la pili lilikuwa "Tazama." Siku moja niliuliza kwa nini unachanganya mchanga kwenye udongo wa mitungi mikubwa. Ukaweka chini ulichoshika. "Tazama. Usiulize. Anayeuliza anasahau." Mama yangu alinifundisha kwa kusema, alikuwa akisema tangu machimboni mpaka sokoni, akikutukana kati ya sentensi na sentensi, na sijasahau hata tusi moja. Lakini niliendelea kukanda. Mwenye karakana ni wewe.

Maisha yako niliyaokota vipande vipande, neno leo, neno wiki ijayo, na mengine nikayaona kwenye kitabu chako cha picha ulichokitumia kuzuia mlango. Baba yako alikuwa fundi wa mabakuli ya chai katika mji wa matanuri huko Japani, na mwanamke hakuruhusiwa kulikaribia tanuri siku ya moto, eti litaharibika. Nikakuambia kwetu ni kinyume, mwanamume ndiye anayefukuzwa kwenye machimbo ya udongo, eti vyungu vitapasuka. Ulicheka. Ndiyo mara ya pekee niliyokuona unacheka, ukashika ubavu, na jino lako moja lilikuwa la fedha. Nilikupenda siku ile, sitaficha. Ukanisimulia kwamba ukiwa msichana uliuchukua mtungi wa baba yako ungali mbichi, ukaubana midomo ukaufunga kabisa. Akakuuliza utatiwa nini. Ukamjibu, "Hakuna." Akakutoa nyumbani.

Ukaenda mji mkubwa. Ukaingia kwenye kundi la vijana wa kiume waliokuwa wakivunja kanuni zote za ufinyanzi isipokuwa moja, kwamba mwanamke ndiye anayechemsha chai. Ukawaacha. Ukajenga ukuta wa udongo mbichi uwanjani ukauacha unyeshewe mvua, na watu wakaja kutazama tope likiporomoka wakaondoka wanasema wameona jambo. Walikucheka miaka mingi, halafu wakaanza kukualika. Ukaenda Ulaya na mitungi yako isiyo na mdomo. Kila ulipokwenda ulimjibu baba yako jibu lilelile kwa mtungi mkubwa zaidi. Haya yote nayaandika kwa haki. Kipaji ulikuwa nacho, na ukaidi wa kukilisha. Ila kumbuka, mwanamke aliyefukuzwa mlangoni kwa ajili ya mtungi ndiye aliyekuja kunifukuza mimi mlangoni kwa ajili ya mitungi. Nitafika huko.

Vyungu vyangu uliviita vyombo. Nilikitengeneza kimoja pembeni, wakati wa mapumziko, cha duara, nimekipiga urembo wa gunzi shingoni kama mama. Ukakigonga kwa ukucha. "Chombo," ukasema. "Mimi sifanyi vyombo." Ulivyolitamka mtu angedhani ni jina la ugonjwa. Na chakula changu hukukigusa miezi sita. Mimi Mpare, nakuletea makande niliyoyachemsha tangu alfajiri, mahindi yamelainika, maharage yamekolea nazi, nawe unakula wali wako baridi umenipa mgongo. Mpaka siku uliyosahau mkoba wako wa chakula kwenye treni. Nikataka kukupakulia, na hapakuwa na pa kupakulia. Karakana nzima ya mfinyanzi, mamia ya vitu rafuni, na hakuna hata kimoja chenye mdomo! Nikaokota gae la mtungi uliovunjika, nikaliosha, nikakutilia. Ukala kwa vidole. Ukaongeza.

Nikakuambia, "Sisi tunasema mfinyanzi hulia gaeni."

"Maana yake?"

Nikakueleza, kwamba anayewafinyangia watu vyombo vizuri, mwenyewe hula kwenye kipande. Ukaniomba niseme tena, polepole, ukanawa mkono mmoja ukaandika daftarini. Nilidhani umeguswa moyo. Kumbe ulikuwa unaokota.

Halafu ikaja ile mitungi sita. Ulisema ni ya mwisho, mikubwa kuliko yote, unaipeleka Japani, kwenye mji wa baba yako. Ilikuwa inanifika kifuani. Tuliipandisha miezi minne, nikikanda, ukijenga, na kila mmoja ukaufunga juu kwa mikono yako ukaulainisha pasionekane hata mshono. Mwaka ule kile kiwanda kikubwa cha magari cha kusini mwa mji kilifungwa, wanaume walikuwa wakisimama nje ya maduka hawajui pa kwenda, na sisi wanawake wawili tulikuwa tukifunga midomo ya mitungi. Mimi mwenyewe makaratasi yangu yalikuwa bado Croydon, uhamiaji hawajajibu, na kila bahasha ya kahawia iliyoingia mlangoni niliogopa kuifungua. Ulilijua hilo. Nilikuambia siku moja nikilia, ukanipa taulo lililojaa udongo nijifutie.

Siku tatu kabla ya moto ukaenda London kuzungumza na watu wako. Ukaniachia ufunguo na neno moja, "Kausha." Nikafanya kama tunavyofanya kwetu. Nikailaza mitungi mmoja mmoja kwenye magunia ili vitako vipate hewa. Hapo ndipo nilipoviona. Kwenye kitako cha kila mtungi, mahali ambapo ukisimama hapaonekani, palikuwa na kitundu kidogo, kama kilichotobolewa kwa sindano ya kushonea magunia.

Mtu ambaye hajazaliwa na mfinyanzi hataelewa nilivyoshtuka. Mama yangu, kabla ya kuchoma, alikiinua kila chungu juani akaingiza kichwa ndani kutafuta mwanga. Panapopenya mwanga, pana fedheha. Chungu kikivuja jikoni kwa mtu, jina la mama litatajwa soko zima mpaka wajukuu. Alikuwa akinishika kidole hiki chenye kovu, anakichovya kwenye udongo laini, anakibonyeza juu ya tundu, "Ziba! Usimwache mwenzio aaibike, ziba!" Na kama tundu liko kwenye chungu cha jirani, unaziba vilevile, bila kumwambia, kwa sababu kumwambia ni kumwaibisha. Ndivyo wanavyosaidiana wafinyanzi.

Nikakuhurumia. Nikasema moyoni, bibi wa watu macho yamekwisha, amepitiwa na matundu sita na mitungi inakwenda kwa baba yake. Kwetu hakuna anayefunga chungu mdomo, kwa hiyo hakuna anayejua kwamba chungu kilichofungwa kikinyimwa pa kupumulia hupasuka motoni. Wewe ulijua. Ulitoboa mwenyewe, peke yako, nilipokuwa nimeondoka, na hukusema, kwa sababu anayeuliza anasahau. Nikachukua udongo laini. Nikabonyeza. Moja, mbili, mpaka sita. Nikajisikia vizuri mno. Nikafunga mlango nikaenda zamu ya jioni nikiimba.

Siku ya moto, mlio wa kwanza tulidhani ni mabehewa. Ulikuwa mchana, umekaa kwenye kigoda chako, mimi nafagia. Wa pili ukasimama. Wa tatu tukajua. Tulisimama tukahesabu mpaka sita, na baada ya hapo sauti ya matofali yakidondoka ndani ya tanuri.

Tanuri halikuwa lako, lilikuwa la mwenye jengo, yule Mwingereza mwenye bunda la funguo kiunoni. Lilipopoa vya kutosha akaufungua mlango akatazama lile jaa, akaokota kipande, akakigeuza, uso ukamwiva. Alikuwa mfinyanzi pia zamani. "Matundu yalizibwa," akasema. "Kuna mtu ameifunga mitungi pumzi. Nani? Nataka jina, na huyo mtu sitaki kumwona kwenye jengo langu, na kama hana karatasi za kazi nitajua pa kupiga simu." Alikuwa akinitazama mimi.

Ndipo nilipoelewa tundu lilikuwa la nini. Nikafungua mdomo, wallahi nilifungua, na kabla sauti haijatoka ukasema, "Mimi. Nimeziba mimi. Nimekusudia."

"Umekusudia? Una wazimu?"

"Ndiyo," ukasema.

Hukunitazama hata kidogo. Na mimi nikanyamaza. Nilijiambia, huyu mzee anadhani amesahau kutoboa, anaona haya kukiri, anafunika aibu yake kwa uongo. Nikaushika ufagio. Hiyo ndiyo dhambi yangu na naiandika kwa herufi zangu mwenyewe, kwamba nilikuacha ubebe kosa langu nikidhani hujui kwamba ni langu.

Alhamisi nikaja kukuambia. Nilikuwa nimepika makande nikayafunga kwa taulo yasipoe, maana jambo zito halisemwi kwa mdomo mtupu. Ukanifungulia mlango nusu. Nyuma yako niliona magae umeyapanga sakafuni, mstari kwa mstari. Nikasema, "Hisae, nina neno." Ukasema, "Kazi yako hapa imekwisha. Usije tena." Nikasema, "Nisikilize kwanza." Ukafunga. Nilisikia ukipiga komeo. Nikasimama pale na chakula cha moto kifuani, wachonga vyuma wananitazama, mpaka taulo likapoa. Asante ya punda ni mateke, nilijiambia, na nikayamwaga makande kwenye pipa la stesheni ya Tyseley, mimi ambaye sijawahi kumwaga chakula.

Na sasa uje utukufu wako. Kilichofuata sikukisikia kwako, nilikisoma. Wiki chache baadaye ulikuwa kwenye gazeti, umesimama kati ya yale magae, umeyaunganisha ovyo, pengine kwa makusudi, yakawa kitu kama ukuta, kama shamba lililolimwa, sijui. Wataalamu wakalia machozi. Katika umri ambao wengine wanapumzika, waliandika, msanii huyu ameziba mitungi yake ya mwisho akaitoa sadaka kwa moto. Ujasiri wa aina yake. Yakapelekwa miji mikubwa ya dunia. Mitungi isingefika popote, lakini vipande vilisafiri! Yule mzee niliyekuwa nikimlisha uji kazini, siku ile gazeti liko mapajani pake, aliniuliza kama namfahamu huyu mama. Nikamwambia simfahamu.

Na jina la kazi yenyewe uliliweka kwa Kiingereza, The Potter Eats from a Shard, mfinyanzi hulia gaeni ileile. Chini yake kwa herufi ndogo, "methali ya Kiafrika". Kiafrika! Kana kwamba Afrika nzima ndiyo iliyokaa nawe Tyseley kukupakulia makande. Una kumbukumbu ya kovu langu la utotoni na huna kumbukumbu ya jina langu? Nambua. Maana yake mvua. Halina hata ugumu.

Miaka mitano nimekuchukia hivyo, kwa utaratibu, kama mtu anavyonywa dawa. Lakini chini ya chuki hatia ilikuwa palepale. Kila waliposifu ujasiri wako nilijua ni kidole changu, na niliamini hujui. Niliwahi kukuombea dua usijue mpaka ufe. Ulipofariki huko kwenu, nilishusha pumzi.

Sasa Jumamosi iliyopita nikaenda. Nilikwenda na rafiki yangu Wambui, nesi Mkenya wa Hodge Hill, kwa sababu peke yangu nisingevuka mlango. Wambui hana subira na sanaa. Alitazama foleni, akatazama magae, akaniambia bila kushusha sauti, "Aki Nambua, si ungeniambia. Ile siku cupboard yangu ya jikoni ilianguka, si tungeleta zile vipande hapa na sisi tu-queue-iwe?"

Nilicheka mpaka mlinzi akatugeukia. Tukasoma maneno ya ukutani, "alikusudia", "sadaka", "ujasiri". Nikawa nataka kuondoka. Wambui akabaki ameinama katikati pale, kwenye gae moja lililowekwa peke yake ndani ya kioo, taa ndogo imelimulika.

"Hii imewekwa special. Kuna ka-fingerprint hapa. Cheki, ni kama mtu alibonyeza."

Nikasogea. Lilikuwa gae la kitako. Tundu lilikuwa katikati, limezibwa, na kizibo chenyewe hakikuvunjika, kimeiva vizuri kuliko kitu chochote pale ndani.

"Nambua," akasema, sauti yake ya wodini, ile ya kumwambia mtu habari. "Leta mkono. Hapana, ule mwingine."

Akakiweka kidole changu karibu na kioo. Mistari ileile, na katikati imekatwa na ufa wa mundu, kutoka upande huu hadi huu.

"Haki ya Mungu, ni wewe," akasema. "She knew. Huyu mama alijua kutoka day one."

Ulijua. Uliokota kile kipande kwanza, nadhani, kabla ya vyote, wewe uliyelifuta dole hili kwa aproni yako. Ulijua uliposema "mimi" mbele ya mwenye funguo. Ulijua nilipokuja na makande. Umenifungia mlango ukijua ninachotaka kusema!

Kwenye basi la kurudi Wambui akaniambia nisiwe mgumu. "Alikusitiri. Angekutaja, yule mzungu angeita watu, na ungekuwa deported hiyo mwezi. Alikufukuza ndiyo hakuna mtu akuulize kitu. Mimi ningeshukuru."

Huenda. Nimeligeuza siku sita nzima na huenda ni kweli. Lakini sikupi huenda hiyo bure, Hisae. Stara naijua, nimelelewa nayo. Kuziba tundu la mwenzako bila kumwambia ni stara, ndiyo niliyokufanyia mimi na ona ilivyotuponza. Mtu akikusitiri anakusitiri, hakutundiki chini ya taa na kuzunguka nawe dunia nzima bila jina. Ulinibebea kosa, halafu ukalifanya riziki yako. Yote mawili uliyafanya, na mkono ni uleule. Na mimi uliniacha miaka mitano na hatia ambayo wewe ulikuwa umeshaimaliza siku ya kwanza. Sentensi moja tu ingetosha. "Najua, nenda nyumbani." Ungeisema hata kwa kuandika. Ungeisema hata kwa kunitukana, ningekushukuru mpaka kesho. Lakini kwako kusema ni udhaifu, na mdomo kazi yake ni kufungwa.

Inanikera zaidi kwamba nimekuelewa. Pale ulipolipanga lile gae peke yake, ulikuwa unaniandikia. Hiyo ndiyo barua yako. Umeiweka mahali ambapo ni mtu mmoja tu duniani angeweza kuisoma, na ukafa bila kuhakikisha kama amefika. Huko ni kupenda kwa namna gani?

Sasa namjibu na yule binti wa jumba la sanaa. Kitu cha kupendeza sina, ila nina ombi. Yale maneno ya ukutani yabanduliwe. Yaandikwe kwamba mitungi hii haikuvunjwa na ujasiri. Ilivunjwa na Nambua wa Usangi, aliyekanda udongo wake, ambaye alifundishwa na mama yake asiache tundu, akaliziba kwa huruma. Yaandikwe kwamba msanii alijua, akasema ni yeye. Kisha watu wasifu wanachotaka kusifu. Na makaratasi yangu yalishatoka, kwa hiyo yule mwenye funguo akitaka kunipigia simu, namba yangu wanayo.

Huenda wataniita mwongo, mfagiaji anayetafuta jina juu ya kaburi la mkubwa. Nimelifikiria hilo. Mama yangu hakujua kuandika. Zahanati, kwenye ushirika, kwenye hati ya shamba, alichovya dole gumba kwenye wino akabonyeza, na hakuna aliyewahi kumwambia si yeye. Mimi nilisomeshwa ili nisitie dole, na sijatia maisha yangu yote. Leo natia. Nimenunua kidau cha wino posta. Kidole ni kile cha kulia, na kovu limetoka vizuri. Wakaiweke karatasi hii kando ya lile gae walinganishe.

Wewe lala, Hisae. Sijakusamehe, na ukiniona huko usinikimbilie. Lakini kama huko kuna udongo, na kuna tanuri, na kuna mwanamke mwingine anayekukandia, utakapotoboa mwite aje aone, umwambie tundu ni la nini.

Mimi niliyekuzibia,

(alama ya dole gumba la kulia)